Muulize Fundi: Nyuki weusi wananitoboa mbao, niwaue au niwaache?

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu meseji za nyuki weusi zimekuwa nyingi kuliko hata zile za milango isiyofunga, mpaka nikaona nizikusanye zote hapa nijibu kwa mpigo. Nazungumzia wale wakubwa, weusi tii, wenye mlio kama pikipiki iliyokatwa eksozi, wanaotoboa tundu la duara kwenye mbao utadhani mtu kapitisha drili. Wengine mnawaita bunzi, wengine mmeandika tu "yale manyuki meusi", mimi miaka yote ya useremala nimezoea kuwaita nyuki seremala maana kazi yetu ni moja, tofauti ni kwamba mimi natoza hela.

Shikamoo fundi. Naishi Nzuguni hapa Dodoma, tumehamia kwenye nyumba yetu japo haijaisha. Barazani fundi alituwekea nguzo na mbao za paini juu, akasema rangi tutapaka baadaye, na hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Sasa kila asubuhi nakuta unga wa mbao kwenye vigae kama kuna mtu kalala anapiga msumeno, nikitazama juu naona matundu manne, na chini ya tundu ukutani kuna michirizi ya njano. Halafu kuna mmoja wa rangi ya njano yeye anakuja kusimama hewani mbele ya uso wangu ananitazama kabisa, nikisogea na yeye anasogea. Baba watoto anataka apulizie dawa ya mbu, jirani anasema tuzibe na simenti. Kenchi si zitatuangukia? – Mama wa watoto watatu, Nzuguni

Marahaba mama. Tuanze na huyo anayekutazama usoni maana ndo anayetisha watu bure. Huyo ni dume. Kwa aina nyingi tulizonazo huku kwetu jike ndo jeusi, wengine wana mikanda ya njano au nyeupe mgongoni, na dume lina manyoya ya njano au kijani kijani hivi mpaka watu wanadhani ni mdudu mwingine kabisa. Dume halina mwiba. Halina kitu cha kukufanya, linalinda eneo lake tu, linamfukuza kila anayepita awe dume mwenzake, awe shomoro, awe wewe na beseni lako la nguo. Jike ndo lenye mwiba na lenyewe halina muda na wewe mpaka ulishike au ulikandamize.

Sasa tuje kwenye mbao. Nyuki huyu hali mbao mama, hilo watu wengi hawalijui. Mchwa anakula, yeye anachonga. Anatafuna kwa meno, unga anautema chini ndo huo unaoufagia, mlangoni anaingia kama sentimita mbili hivi halafu anakata kona, anaanza kufuata uzi wa mbao. Humo ndani anatengeneza vyumba kwa mstari, kila chumba anaweka donge la chavua aliyochanganya na maji ya maua, juu yake anataga yai moja, anajenga ukuta kwa unga ule ule wa mbao alioubandika kwa mate, anahamia chumba kinachofuata. Ile michirizi ya njano ukutani ni kinyesi chao pamoja na chavua, ukiiona ujue nyumba ina watu.

Ndo maana hiyo dawa ya mbu ya baba watoto haitafanya kazi. Unapulizia pale mlangoni, inafika kwenye kona inaishia hapo, watoto wako nyuma ya kuta zao hata hawajui kama umekuja. Na simenti ndo usithubutu, hili nalisema nikiwa nimeumia mwenyewe. Nikiwa kijana nilipewa kazi ya kurekebisha geti la mbao kwa mzee mmoja pale Makole, lilikuwa na matundu matano, nikayaziba yote kwa simenti safi nikapaka na rangi nikachukua hela ya mwanzo. Wiki haijaisha ananiita, matundu yamekuwa nane. Wale waliokuwa ndani wametafuna wakatokea upande wa pili. Ile hela iliyobaki sikuiona, na alikuwa na haki.

Kwahiyo cha kufanya ni kujua kwanza wako hatua gani. Chukua kipande cha gazeti, jioni giza likiingia wote wakiwa ndani bandika juu ya tundu na gundi karatasi, kesho mchana nenda kaangalie. Gazeti likiwa limetobolewa kuna mtu mzima anaishi humo. Likiwa zima bado usishangilie, inawezekana kuna mabuu hayajakua, maana toka yai mpaka nyuki kamili ni wiki kadhaa, we hesabu miezi miwili, na hata wakikomaa hao vijana wanabaki ndani na mama yao kwa muda kabla ya kuhama. Kaa ukirudia lile gazeti kila baada ya wiki mbili, ukiona mara kadhaa liko zima na unga haudondoki tena, hapo ndo uzibe. Chukua ile waya ya kusugulia masufuria ishindilie ndani mpaka kwenye kona, hiyo hawaitafuni, halafu mdomoni gongelea kipande cha mti cha mviringo chenye gundi ya mbao, piga msasa, puti, rangi. Usiache tundu la zamani wazi hata kama halina mtu, kwasababu watoto hupenda kurudi kwenye nyumba waliyozaliwa, wanasafisha vyumba wanaongeza vingine, njia moja ikirithiwa kizazi hadi kizazi inaweza kupita mita moja ndani ya mbao na hapo sasa ndo tunaanza kuongea lugha ya kenchi.

Kuhusu kuanguka: tundu lina upana kama sentimita moja na robo hivi. Mbao ya 2 kwa 2 ina kama sentimita tano, yani njia moja imekula robo ya upana wake, na zikiwa mbili tatu kwenye mbao hiyo hiyo mimi ningeibadilisha. Mbao ya 2 kwa 4 au 2 kwa 6 yenye tundu moja, lala usingizi. Kitu kingine cha kuangalia ni yule ndege kigong'ota, huyo akigundua kuna mabuu ndani ya mbao anakuja kuyachimbua, na uharibifu wake ni mkubwa kuliko wa nyuki mwenyewe.

Ila mama, shida yako ya kweli ni ile "baadaye" ya rangi. Nyuki huyu anatafuta mbao laini, kavu, iliyo uchi na iliyokingwa mvua, sasa paini ya barazani isiyopakwa rangi hapa Dodoma na jua letu hili ni sawa na kuweka bango la nyumba ya kupangisha. Usisubiri watoke ndo upake. Wakiwa bado humo kwenye matundu manne wewe paka rangi ya mafuta mikono miwili mbao zingine zote, na usipake tu upande unaoonekana na wageni, yeye anapenda ule upande wa chini na ncha za mbao mahali fundi alipokata akaacha. Vanishi inasaidia kidogo, rangi inasaidia zaidi.

Fundi habari. Mwanangu wa miaka saba alimkamata nyuki mweusi kwenye ua la boga akaumwa kiganjani, mkono umevimba. Nimetafuta mwiba nitoe sijauona, je umezama ndani? – Baba wa Chang'ombe

Salama ndugu yangu. Mwiba haupo, usimchokonoe mtoto na sindano. Nyuki wa asali mwiba wake una vinyoya vya kunasia ndo maana unabaki kwenye ngozi na yeye anakufa, huyu mwiba wake ni laini, anachoma anauchomoa anaondoka nao na anaweza kukuchoma tena akitaka. Osha na sabuni, weka kitambaa cha maji ya baridi, uvimbe wa hapo hapo mkononi unaisha wenyewe. Cha kukukimbiza hospitali ni mengine: uso au midomo ikivimba, mwili mzima ukitoka vipele, anakohoa au anapumua kwa shida, anatapika au analegea. Hapo usiulize gazeti, chukua bodaboda.

Na msichanganye mambo, mkiona nyuki wengi wamejazana kama zabibu kwenye dari au kwenye mti hao ni nyuki wa asali, hao siyo wa kuchezea, wanaweza kuua. Tafuteni mfugaji wa nyuki au pigeni zimamoto 114. Nyuki seremala hana kundi la jeshi, kila jike na nyumba yake.

Fundi mkuu, mi ni fundi mwenzio kijana nipo Kibaigwa. Hapa kwetu tunapaka oil chafu kwenye mbao zote za paa na nyuki hawaji, na wakija tunamwagia petroli kwenye tundu. Kuna mteja amenibishia anasema namharibia nyumba. Nani yuko sahihi? – Fundi kijana

Mteja wako. Na nakujibu kwa ukali kidogo maana we ni wa kwetu, ukikosea tunatukanwa wote.

Oil chafu inawafukuza kwa muda ndiyo, hata mi nimeitumia sana zamani. Lakini ile mbao haitashika rangi tena maisha yake yote, inanuka ndani ya nyumba miezi, inachirizika kwenye silingibodi, imejaa vyuma vilivyosagika kutoka kwenye injini, na siku waya wa umeme ukipiga shoti darini umeshamuwekea moto chakula. Kwenye nguzo ya uzio porini sitakugombeza sana, kwenye paa la nyumba wanayolala watu hapana. Petroli ndo hata sitaki kuijadili, mtu yuko juu ya ngazi, mvuke umejaa, chini mama anapika kwa mkaa, wewe unamwaga petroli kwasababu ya mdudu.

Kama mbao ni ya muhimu na haiwezi kusubiri watoto wakue, mfano boriti kuu imeshatobolewa mara tano, basi hapo ua, sikatai. Tumia dawa ya wadudu ya unga iliyosajiliwa, ya kutoka duka la pembejeo, soma karatasi yake, puliza kidogo ndani ya tundu jioni wakiwa wamerudi, umevaa glavu na barakoa. Usizibe siku hiyo, waache wapite pite kwenye unga siku chache ndo urudi kuziba kwa ile njia ya waya. Mwarobaini nao nimeulizwa sana, nimepaka mafuta yake kwenye dirisha langu mwenyewe, siku mbili tatu harufu imekata na bibi harusi mweusi karudi kazini.

Dawa halisi ni kununua mbao nzuri toka mwanzo. Mninga na mkongo hawapendi kuhangaika nazo, ni ngumu, ila najua bei yake. Paini hizi tunazoletewa kutoka Mafinga na Makambako chukua zile za dawa, za kijani, ila kuna wajanja wanachovya tu rangi juu, kwahiyo kabla hujalipa mwambie akate kipande katikati uangalie kama ukijani umeingia ndani au umeishia kwenye ngozi. Na hapa nisikilize vizuri: vipande vinavyobaki vya mbao za kijani usimpe mama wa nyumba akapikie. Dawa ile mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu, moshi wake na majivu yake ni sumu. Chimbia.

Fundi, hao nyuki wana asali? Tunaweza kulina? – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kongwa

Hawana masega kijana, ukipasua mbao utakuta tu yale madonge ya chavua yenye utamu kidogo, kila moja ni posho ya mtoto mmoja mpaka anakua. Ila nikupe kitu cha kuwatambia wenzako: yai la nyuki hawa ni kati ya mayai makubwa kuliko yote ya wadudu duniani, kuna aina ambazo yai linapita sentimita moja na nusu kwa urefu. Ndo maana jike anataga machache sana, mayai ya kuhesabu kwa vidole. Nyuki malkia wa asali anataga mamia kwa siku.

Mzee shikamoo. Kwangu matundu ni madogo kama ya pini, mengi, kwenye kitanda na kwenye fremu ya mlango, na unga wake ni laini kama sembe. Ni watoto wa hao bunzi? – Bahi

Marahaba. Hapana, hao ni bungua, ukoo wa dumuzi anayekumalizia mahindi ghalani, hawahusiani kabisa na nyuki. Na ukikuta vichuguu vya udongo vimepanda ukutani mpaka kwenye mbao hao ni mchwa, na kwa Dodoma mchwa ndo adui namba moja, nyuki seremala kwa mchwa ni mtoto mdogo. Bungua tutaongea toleo lijalo, maana kitanda nacho kina maneno yake.

Fundi najua we ni wa mbao siyo wa kilimo ila naomba nikuulize. Nimepanda pasheni ya njano nyuma ya nyumba ya shule, imetambaa vizuri, maua kibao, matunda hakuna. Mwalimu mwenzangu anasema niwaite hao nyuki weusi. Nawavutaje waje hao jamani? – Mwalimu, Mpwapwa

Mwalimu, mwenzako kasema kweli na hili swali ndo limenifanya nipende hii kazi ya kujibu barua, kwasababu watu kumi wamenitumia meseji niwaambie jinsi ya kuua na wewe peke yako unataka kuwaita.

Ua la pasheni ni kubwa, sehemu yenye chavua imeinuka juu inatazama chini, na pale inapopokelewa pako juu zaidi. Nyuki mdogo wa asali anaingia chini anakunywa anabeba chavua anaondoka wala mgongo wake haujagusa kitu, ni mwizi kwa lugha nyepesi. Nyuki seremala mwili wake unajaa kabisa ile nafasi, akiinama kunywa mgongo unasugua chavua, akienda ua linalofuata anaipaka mahali pake. Tena kuna maua ambayo chavua imefungwa ndani kama chumvi kwenye kichupa, mfano nyanya na biringanya, huyu analikamata ua na kulitikisa kwa mtetemo wa misuli yake mpaka linamwaga, huo ndo ule mlio unaobadilika ghafla ukimsikiliza. Kunde na mbaazi pia ni vibarua vyake.

Lakini kabla ya kumtafuta, una mashina mangapi? Pasheni ya njano haijipokei yenyewe, inataka chavua ya shina lingine lisilo ndugu yake, kwahiyo kama una shina moja tu au umechukua vikonyo vya shina moja, hata ulete nyuki wa mkoa mzima hupati kitu. Panda la pili kutoka mahali pengine. Wakati unasubiri fanya mwenyewe kwa mkono, maua ya njano yanafunguka kuanzia kama saa sita mchana, siyo asubuhi kama ya zambarau, kwahiyo baada ya vipindi nenda na kijipamba chukua chavua ya shina hili peleka kwenye ua la shina lile.

Na nyuki muwekee nyumba. Tafuta lile nguzo la mkonge uliochanua ukafa, si unayaona yamesimama kwenye mipaka ya mashamba, likiwa kavu ndani ni laini kama godoro na wao wanalipenda kupita maelezo. Kata urefu wa mita moja, lifunge likining'inia chini ya mti au kwenye kibanda mahali mvua haifiki karibu na pasheni. Gogo kavu la mti laini nalo sawa. Fanya hivyo kabla mvua za Desemba hazijashika, maana kiangazi kile kirefu wao nao wanahangaika na maua, na mmea wowote utakaochanua kwa maji ya kuoshea vyombo wataujua. Mama wa Nzuguni, kama bado unasoma, na wewe hili la mkonge linakuhusu, litundike mbali na baraza ili wakitoka humo wasianze kutafuta mbao nyingine ndani ya uzio wako.

Fundi, nina ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo. Nguzo za miti zinazoshika waya zimetobolewa na hao nyuki na vibarua wanasema ndo wanaokula zabibu. Nipulizie shamba lote? – Mkulima

Usipulizie, utatupa hela. Zabibu hawali, wale unaowakuta kwenye zabibu iliyopasuka wengi ni nyigu na nyuki wa kawaida wanaomalizia kilichoanzwa na ndege. Sikudanganyi kwamba wanakusaidia, ua la zabibu linajichavusha lenyewe, haliwahitaji. Ila nguzo ndo tuongee. Nguzo za katikati ya mstari zinabeba uzito wa kwenda chini tu, tundu moja mbili hazina shida. Nguzo za mwisho wa mstari ndo zinazovutwa na waya zote, hizo zikiwa na matundu usicheze nazo. Zigonge na nyundo usikilize, halafu isukume nguzo kwa bega pale inapoingia ardhini, maana mara nyingi nguzo ya Hombolo inakufa chini kwa mchwa huku mwenye shamba anamlaumu nyuki wa juu.

Zile za mwisho ubadilishe kwa zege au chuma, na ufanye ukishapogoa, mzabibu ukiwa hauna majani wala mzigo, legeza waya taratibu. Nguzo utakayoitoa yenye nyuki ndani usiiwashie moto wa vibarua kuchemshia ugali, na tundu usilizibe. Isimike pembeni pale ulipopanda kunde, iwe wima kama ilivyokuwa, chini ya mti wenye kivuli, uwe unaipita kwa mbali mpaka wamalize mambo yao.